Ndege ya mafunzo ya viti viwili: umeme au petroli? Tulinganishe kwa hesabu

Kozi_Mweusi (Nairobi)

Wakuu, salaam. Tuko kikundi kidogo tunachanga pesa tununue ndege moja ya viti viwili, ikae uwanja wa ndege wa Wilson, ifundishe na ikodishwe. Kila kikao kinavunjika kwa kelele. Nusu wameshikilia umeme, nusu wanasema bila petroli hakuna ndege. Naleta mada hapa tupate maoni ya watu waliozigusa hizi mashine, sio waliotazama video tu.

Mezani zimebaki mbili. Ya kwanza ni Pipistrel Velis Electro ya Slovenia, ile ambayo Juni 2020 ilipata cheti cha aina kutoka EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ikawa ndege ya kwanza ya umeme duniani kukipata. Ya pili ni dada yake wa tumbo moja, Virus SW 121. Mwili na mabawa vinakaribiana sana, na uzito wa juu wa kurukia ni kilo 600 kwa zote mbili. Tofauti iko puani: moja ina mota, nyingine ina injini ya petroli, Rotax 912 ya nguvu za farasi 100.

Makaratasi ya kiwanda yanasema Velis inakaa angani hadi dakika 50 na akiba kidogo juu yake. Virus ina tangi za lita 100, na Rotax kwenye mafunzo inakula kama lita 15 hadi 18 kwa saa, kwa hiyo saa tano si tatizo. Ukiangalia hapo tu, mchezo umeisha. Lakini mwanafunzi anayejifunza kutua hakai angani saa tano. Anakaa dakika arobaini, anashuka jasho linamtiririka. Ndiyo maana ya umeme bado sijaitupa. Karibuni.

Domo_la_Kaya (Mombasa)

Nimeona "umeme" na "Nairobi" kwenye mada moja nikamwaga chai. Stima ikipotea mkiwa juu ya Kibera itakuwaje?

Uniti_Moja (Dodoma)

Mkuu Domo, ndege haivuti waya kutoka kwenye nguzo. Stima ikipotea inabaki chini. Hasara ni ya ratiba, si ya roho.

Kozi, tuanze na uzito, maana ugomvi wote unatokea huko. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja. Kilo moja ya petroli ya ndege ina uniti kama 12 ndani yake. Velis ina betri mbili, kila moja karibu kilo 70, jumla zinabeba uniti karibu 25. Gawanya: kila kilo ya betri ina uniti 0.18. Pengo ni mara sitini na zaidi, na wapenzi wa petroli huwa wanaishia hapo wakapigiana makofi.

Ila injini ya pistoni inatupa karibu robo tatu ya hizo uniti kama joto, nyingine zinatokea kwenye ekzosi, nyingine kwenye mapezi ya silinda na rejeta. Mota na inveta kwa pamoja vinapoteza kama sehemu ya kumi. Kwa hiyo kinachofika kwenye propela ni uniti 3 kwa kilo ya petroli na 0.16 kwa kilo ya betri. Pengo limeshuka hadi mara 18 au 19. Tuseme kwa lugha ya dumu: betri zote mbili za Velis zinafanya kazi ya lita kumi za petroli. Lita kumi zina uzito wa kilo 7 na kitu.

Sasa tuwe wa haki. Mota yenyewe ya Velis, E-811, ina uzito wa kilo 23 hivi. Rotax 912 ni karibu kilo 60. Kwa hiyo umeme unarudisha kama kilo 40 kwenye mashine, kisha unazila zote na ziada kwenye betri. Kinachobaki kwa abiria na mizigo ni kilo 172. Watu wawili wa kilo 86 kila mmoja, na begi libaki hanga.

Na jambo ambalo wengi hawaliwazi: petroli ikishachomwa haipo, ndege inatua nyepesi kuliko ilivyoruka. Betri inatua na kilo zilezile.

Kozi_Mweusi

Hiyo ya lita kumi nimeisoma mara mbili. Mimi nina kilo 94. Mkufunzi wetu naye hajawahi kukataa ugali.

FundiHanga4 (Nairobi)

Shikamoo wakubwa, wengine habari zenu. Mimi kazi yangu ni kufungua na kufunga injini hapo Wilson, kwa hiyo nitasema ya hangani.

Asubuhi ya ndege ya avigasi, yaani petroli ya ndege, inaanza hivi. Mwanafunzi anachuchumaa chini ya bawa na kikombe cha plastiki, anakinga mafuta kidogo, anayainua juani. 100LL, ndiyo avigasi ya kawaida, ina rangi ya buluu. Akiona tone limekaa chini linacheza peke yake, hayo ni maji, anamwaga na kukinga tena mpaka yatoke safi. Anapima oili. Kwenye Rotax anazungusha propela kwa mkono mpaka tangi la oili libeue, ndipo kipimo kinasema kweli. Akipiga stata anasubiri oili ipate moto, anajaribu mfumo wa kuwasha wa kushoto, anajaribu wa kulia, anaangalia mizunguko imeshuka kiasi gani. Kwenye mota hakuna hata kimoja cha hayo. Unawasha swichi kwa mpangilio, unaangalia asilimia ya betri na joto lake, pampu ya maji ya kupoza inasikika ikilia, unajongea.

Kwenye matengenezo pia mota inashinda. Hakuna plagi, hakuna vali, hakuna kabureta mbili za kusawazisha. Rotax unaibadilishia oili, unaitunza, na ikifika saa 2,000 unaifumua yote. Ukiilisha avigasi yenye risasi, yaani madini ya ledi, oili inabidi uibadilishe mapema zaidi kwa sababu risasi inaganda kwenye giaboksi na kwenye tangi la oili.

Lakini msidhani fundi wa petroli ataamka kesho awe fundi wa Velis. Mfumo unafanya kazi kwa volti 345 za mkondo mnyoofu. Hizo si za kuchezea. Anahitajika fundi aliyepita mafunzo ya hiyo ndege, glavu za volti kubwa zilizopimwa, na utaratibu wa kuzima mfumo kabla hujagusa kifuniko.

Halafu kuna mwinuko, na sijaona mtu ameutaja. Wilson iko futi 5,500 na kitu juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 27 hewa yake inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Rotax ya farasi 100 inabaki na 75 hivi. Mota ya Velis inatoa kilowati 57.6 za kurukia, ambazo ni farasi 77, na mota haipumui. Inatoa 77 Mombasa, inatoa 77 Wilson. Kule Ulaya ukiziweka pamoja, petroli inaondoka na kuiacha. Hapa kwetu saa saba mchana zinatoshana nguvu.

Uniti_Moja

Fundi, hapo umenena. Ongeza tu kwamba hizo 57.6 ni za sekunde 90. Baada ya hapo unarudi 49, yaani farasi 66.

Mzee_Kabureta (Nakuru)

Marahaba, fundi. Mimi nimestaafu lakini bado masikio yanasikia injini.

Hesabu yako ya farasi ni sawa, ila usiishie kwenye mota. Propela inakata hewa ileile nyepesi, na bawa linabebwa na hewa ileile. Mbio za kurukia zinarefuka kwa zote mbili, na kupanda kunakuwa kwa taratibu kwa zote mbili. Umeme umefuta hasara moja kati ya tatu. Na mwenye Rotax akitaka kuifuta naye anaweza kununua ya tabo, zipo.

Mimi kinachonitisha ni akiba. Sheria ya kawaida ya kuruka kwa macho (kwa kuona nje, si kwa vyombo) mchana inataka uwe na mafuta ya dakika 30 za ziada. Kwenye Cessna 172 yenye lita zaidi ya 200 tangini, hizo ni kama lita 17, wala huzisikii. Kwenye Velis dakika 30 ni zaidi ya theluthi ya betri nzima. Yaani theluthi ya kile kitu cha kilo 140 unaibeba kila siku ili usiitumie.

Kisha mnajua Wilson ilivyo. Caravan za Mara, zile ndege za abiria za injini moja, zinapanga foleni, njia mbili za kurukia zinapishana, mnara unakuambia "zunguka hapo ulipo, wewe ni namba nne". Kwenye petroli unazunguka huku unamsimulia mwanafunzi habari za mbuga iliyo chini yenu. Kwenye umeme unazunguka huku unatazama asilimia. Mwalimu anayetazama asilimia hamtazami mwanafunzi.

BintiRubani (Uholanzi)

Shikamoo mzee. Mimi nimezaliwa Moshi, nafundisha huku Uholanzi na Velis ni mojawapo ya ndege ninazofundishia, basi nijibu hilo la akiba.

Huku Ulaya sheria ya ndege zisizo za biashara inaruhusu akiba ya dakika 10 kama unaruka mchana na hutoki nje ya upeo wa kuuona uwanja uliotokea. Sheria hiyo ndiyo iliyoifanya Velis iwe na maana. Kwa akiba ya dakika 30 ningekuwa napasha betri moto tu. Kwa hiyo Kozi, kabla ya kulipa hata senti, nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga mkaulize kwa maandishi akiba gani itatakiwa kwenu. Jibu la barua hiyo lina uzito kuliko bei.

Somo langu la kawaida la kutua ni dakika 35 mpaka 40. Kioo kinaonyesha asilimia iliyobaki, kilowati unazovuta sasa hivi, na dakika zilizosalia kwa mwendo huo. Ukipanda zinashuka mbio, ukipunguza nguvu zinarudi. Wanafunzi huanza kuikimbilia ile namba ya dakika kwa macho, nawakataza, nawaambia mpango wako ni asilimia, tumeshakubaliana chini tutatua kwa ngapi. Nikifika 30 naita uwanja, hata kama mwanafunzi analia apewe mzunguko mmoja tena.

Kuna kingine kwenye kioo, afya ya betri. Inaanza 100 na inashuka kadiri betri inavyochajiwa na kutumika. Ikishuka, dakika zako zinapungua. Ndege uliyonunua ya dakika 50 itakuwa ya dakika chache zaidi mwaka kesho kutwa, na mpango wa masomo utabidi uufinye. Petroli haina tabia hiyo. Tangi la lita 100 ni la lita 100 mpaka ndege iende makumbusho.

Uzuri wake nao si mdogo. Mwanafunzi wa siku za mwanzo huwa anababaishwa na kelele. Kwenye Velis tunaongea karibu kama tuko sebuleni, na akiongeza nguvu inakuja hapohapo, haisiti. Tukisubiri kwenye mstari kabla ya kuingia njia ya kurukia, propela imesimama. Hakuna mafuta yanayochomwa bure. Nje kelele yake ni kama desibeli 60, majirani wa uwanja walioandika barua za malalamiko miaka yote wamenyamaza.

Domo_la_Kaya

Dada, na ile ya Norway iliyoangukia majini?

BintiRubani

Hiyo ilikuwa Agosti 2019, karibu na Arendal. Aliyekuwa akiirusha ni mkurugenzi mkuu wa Avinor, shirika la viwanja vya ndege la Norway, na abiria wake alikuwa mmoja wa viongozi wa serikali. Mota ikapoteza nguvu, akaitua kwenye maji, wote wawili wakatoka wazima. Ila ile ilikuwa Alpha Electro, mtangulizi wa Velis, haikuwa na cheti cha EASA. Kwenye Velis betri moja iko puani, nyingine nyuma ya viti, zinapozwa kwa maji, na moja ikileta shida inajitenga yenyewe, iliyobaki inatosha hata kupanda. Ukiwa na Rotax moja na ikazima, umebaki na bawa.

Norway hawakukata tamaa, lengo walilotangaza ni safari zote za ndani ziwe za umeme ifikapo 2040.

Mpemba_wa_Angani (Zanzibar)

Asalaam aleikum jamaa. Mie narusha Caravan, Dar na visiwani. Najua Caravan ni ya tabini na inakula Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, si petroli, lakini nadhani hesabu ya huku itawasaidia, kwa sababu kila mtu akisikia ndege ya umeme anakuja kutuambia "nyinyi Dar na Unguja ndo mnafaa".

Na kwa karatasi kweli tunafaa. Dar mpaka Unguja ni kilomita sabini na kitu. Agosti 2022 kampuni ya Harbour Air ya Kanada ilirusha ndege ya majini, Beaver ya zamani iliyotiwa mota ya magniX, kilomita 72 kwa dakika 24. Safari yetu hasa! Na Mei 2020 Caravan yenyewe iliyotiwa mota hiyohiyo ilikaa angani nusu saa kule Moses Lake, Marekani.

Sasa njooni kazini. Caravan inabeba abiria kumi na mbili. Hizo za majaribio zilibeba marubani na betri. Mie asubuhi najaza Dar, naenda Unguja, nashusha, napakia, naenda Pemba, narudi Unguja, narudi Dar, na tangi bado lina mafuta kwa sababu zinaingia zaidi ya lita 1,200. Pale Karume, uwanja wa Unguja, nasimama dakika kumi, kumi na tano. Ukiniambia kila kisiwa nisimame saa nzima nachaji, nitafanya nusu ya safari, na ndege iliyosimama haiingizi kitu.

Na mvua ya masika je? Unafika Unguja, wingu limekaa juu ya uwanja, unazunguka juu ya Chumbe unangoja lisogee. Halisogei. Unarudi Dar au unakwenda Tanga. Safari ni dakika 20, lakini mafuta nnayobeba si ya dakika 20 hata siku moja.

Uniti_Moja

Sheikh, hapo umegusa pale ambapo matangazo hayagusi. Umbali wa ndege ya umeme unaotangazwa huwa ni umbali wote. Umbali wa kuuza tiketi ni huo ukitoa akiba, ukitoa uwanja mbadala, ukitoa uchakavu wa betri.

Mzee_Kabureta

Na matangazo yapo mengi. Alice ya Eviation iliruka dakika nane Septemba 2022, magazeti yote yakaandika. Mwanzoni mwa 2025 kampuni ikasimamisha kazi na kupunguza wafanyakazi wengi. NASA walikuwa na X-57, ndege ndogo ya umeme, wakafunga mradi 2023 haijaruka hata mara moja. Airbus walivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza na E-Fan Julai 2015, wakaiacha 2017. Velis naiheshimu kwa sababu haikuahidi makubwa. Ilisema dakika 50, inatoa kama zile.

Tundu_la_Pua (Kampala)

Swali la asiyejua kurusha. Nairobi bodaboda za umeme zinabadilishana betri kituoni, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa. Kwa nini ndege isifanye hivyo, dakika tano imerudi juu?

FundiHanga4

Swali zuri kaka. Alpha Electro ilibuniwa betri zitoke na kuingia haraka. Kwenye Velis betri zimeunganishwa na mabomba ya maji ya kupoza na zinahesabiwa kama sehemu ya ndege yenye cheti. Kuitoa ni kazi ya fundi mwenye leseni, inaandikwa kwenye kitabu cha ndege, inakaguliwa na kutiwa sahihi. Hiyo si dakika tano.

Na kuleta betri mpya nayo ni safari. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Itakuja kwa ndege ya mizigo pekee au kwa meli hadi Mombasa. Plagi ya Rotax rafiki yako anakuletea kwenye begi.

Kozi_Mweusi

Hilo la betri kuja na meli sikuwa nalo. Sasa upande wa gharama ya kila siku, mnasemaje? Wenzangu wa umeme wanasema hapo ndipo watatushinda.

Uniti_Moja

Kwa nishati tupu wanawashinda, tena vibaya. Kujaza Velis kutoka karibu sufuri ni uniti 27 au 28 ukihesabu zinazopotea kwenye chaja. Somo lilelile kwenye Rotax ni lita kumi hadi kumi na mbili. Chukua bei ya tokeni unayolipa nyumbani, chukua bei ya pampu ya mtaani, zidisha. Umeme utakuwa chini ya nusu ya petroli. Ukilinganisha na avigasi kwenye Cessna 172 inayokunywa zaidi ya lita 30 kwa saa, hata usizidishe, utajiumiza roho.

Paa la hanga lenye sola ya kilowati 10 kwa jua letu linaweza kutoa uniti arobaini na kitu kwa siku, yaani somo moja na nusu la Velis. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo wa usafi wana hoja ya kweli, sio maneno.

Lakini betri ni mafuta uliyoyalipia mapema. Chukua bei ya betri mbili, gawanya kwa saa watakazokuandikia kwenye dhamana, jumlisha kwenye kila saa ya somo. Kikundi chenu kikigoma kufanya hivyo, mtakuwa mnajiuzia masomo kwa hasara miaka mitatu huku mnasherehekea.

Pia saa za siku. Kuchaji kutoka asilimia 30 mpaka karibu kujaa ni zaidi ya saa moja, na betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto inasubiri kwanza ipoe. Mwendo ni somo, chaji, somo, chaji. Kwa mwanga wetu wa saa kumi na mbili, mkipanga vizuri mtapata masomo matano au sita. Virus ya petroli mnaijaza wakati mwanafunzi mwingine anavaa mkanda. Na Velis ni ya mchana na ya kuruka kwa macho tu, mawingu na usiku sahau.

BintiRubani

Naunga mkono. Masomo matano kwa siku kwetu wakati wa kiangazi ni siku nzuri.

Kozi, kuna kipimo kingine ambacho nadhani kitamaliza mjadala wa kikundi chako. Leseni ya rubani binafsi kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka saa 40, na ndani yake mwanafunzi aruke peke yake safari ya kilomita 270 akitua kwenye viwanja viwili tofauti njiani. Velis haiwezi hiyo safari. Haiwezi hata ukiisukuma. Shule ninazozijua huku zenye Velis zina ya petroli pembeni. Sijaona mwanafunzi aliyemaliza leseni kwa umeme peke yake. Kwa shule yenye ndege nne, moja ikiwa ya umeme ya kuzungukia uwanja, hiyo ni akili. Kwa kikundi chenye ndege moja, mtakuwa na wanafunzi wanaojua kutua vizuri sana hapo Wilson na hawajawahi kuona Naivasha.

Domo_la_Kaya

Dada umewaua.

Mzee_Kabureta

Niseme na la petroli, nayo tusiivalishe kanzu nyeupe. 100LL ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Cessna 172 ikiruka saa moja inamwaga kama gramu 18 za risasi juu ya vichwa vya watu wa Lang'ata na Kibera. Ulaya wameiweka hiyo kemikali ya risasi kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kibali maalumu tangu Mei 2025, na Marekani waliidhinisha petroli ya ndege isiyo na risasi, G100UL, Septemba 2022. Huku kwetu avigasi ni ya kusubiri meli, na inapokosekana ndege za pistoni zinalala. Kwa hiyo ukisema petroli, sema petroli ya Rotax inayokubali super ya kituoni, petroli ya gari. Usiseme avigasi.

FundiHanga4

Kweli mzee. Ila super ya kituoni nayo ina mambo yake. Uchakachuaji upo, na mafuta ya taa ndani ya petroli injini ya gari inaweza kuvumilia, ya ndege ikivumilia inakulipisha baadaye. Chagueni kituo kimoja kinachouza sana, mafuta hayakai kisimani, chukueni kwa madumu yenu ya chuma yenye chujio, kingeni sampuli kila dumu, na iandikeni tarehe. Kwa mwinuko wetu na joto, petroli ya gari inatoa mvuke mapema kwenye mabomba, hasa ndege ikizimwa ikiwa ya moto halafu ikawashwa tena baada ya robo saa. Injini inakohoa. Fungueni kifuniko cha juu ipumue kabla ya somo linalofuata.

Wenye mfuko mkubwa huenda njia ya tatu, Diamond DA40 NG, injini ya dizeli inayokula Jet A-1 na ina tabo. Mafuta yanapatikana kila uwanja na mwinuko hauisumbui. Bei yake haiongeleki kwenye kikundi cha kuchanga.

Kozi_Mweusi

Nimewasomea wenzangu uzi huu wote jana usiku. La kilomita 270 ndilo lililowanyamazisha wa umeme, na la lita kumi. Tumekubaliana Rotax kwanza, mafuta ya kituoni, na barua ya kuulizia akiba iende Mamlaka mwezi huu kwa ajili ya ndege ya pili. Ikijibiwa tuwekewe dakika 10, Velis itarudi mezani kama ya kuzungukia uwanja. Ikijibiwa 30, basi.

Fundi, tunaanza kujenga hanga. Kuna cha kufanya sasa hivi ili ile ya pili ikija tusibomoe?

FundiHanga4

Kipo. Kabla hamjamwaga zege la sakafu, lazeni bomba la waya kutoka kwenye ubao wa umeme hadi katikati ya hanga, la upana wa kupitisha nyaya za fezi tatu, hata kama litakaa tupu miaka mitano. Ombeni fezi tatu kwenye maombi ya kwanza ya kuunganishiwa, kuiongeza baadaye ni maombi mapya na foleni mpya. Sehemu ya kuchajia iwe karibu na mlango, ndege ikianza kutoa moshi iburutwe nje. Na madumu ya petroli yajengewe chumba chake nje, chenye hewa, mbali na hiyo chaja. Ukubwa wa waya nakutumia kwenye ujumbe binafsi.